Siku Moja ya Radio ya Waingereza

Mtu aliyeingia katika nyumba kubwa ya radio mjini London, ile iliyofunguliwa mwaka 1932 na kuitwa Broadcasting House, alikuta mlangoni maandiko ya Kilatini yaliyochorwa juu ya jiwe. Frateri yeyote mwenye kushika vema sarufi yake angeyafasiri pasipo shida. Yasema kwamba nyumba hii ni hekalu la sanaa, na ya kuwa wasimamizi wake wa kwanza waitolea kwa Mungu Mwenyezi, mwaka wa Bwana 1931, wakiomba mbegu njema izae mavuno mema. Karibu nayo imesimama sanamu ya mpanzi, akitupa mbegu kwa mkono wake.

Tuliposoma habari hiyo mara ya kwanza tulishangaa. Nyumba ile si ya wamonaki, wala askofu hana kiti ndani yake. Ni nyumba ya mashini, ya nyuzi za umeme na ya watu wa kila imani, hata wasio na imani. Tukataka kujua ni mbegu gani waliyopanda mle toka asubuhi hata usiku. Basi tunaeleza hapa siku moja ya kazi ya radio ile, karibu na mwaka 1951, wakati ambapo sanduku la televizioni lilikuwa bado kitu cha nyumba chache, na taifa zima lilikaa jioni kuzunguka radio. Hatusemi kwamba kila jambo tutakalolitaja lilisikika siku ileile moja. Pengine tutarudi nyuma miaka michache kusudi maneno yaeleweke. Saa tunazihesabu kwa namna ya kwetu.

Kwanza msingi wake. Radio hiyo, BBC, ilianza kutangaza kila siku tarehe 14 Novemba 1922, ikiwa kampani ya watengenezaji wa mashini za radio. Tarehe 1 Januari 1927 ikawa shirika la watu wote kwa barua ya mfalme. Haikupokea mali ya matangazo ya biashara. Kila nyumba yenye radio ililipa ruhusa kwa posta, shilingi 10 kwa mwaka, na toka mwaka 1946 paundi moja. Mwaka 1950 ruhusa hizo zilikaribia milioni 12. Kwa hiyo hapakuwa na muuza sabuni wa kukata maneno ya msomaji wa habari, na mkubwa wa radio hakulazimika kuuliza kila siku: jambo gani litavuta wanunuzi?

Mkubwa wa kwanza alikuwa John Reith, fundi wa mashini, mwana wa mchungaji Mprotestanti wa Scotland. Alishika kazi toka mwaka 1922 hata 1938. Yeye alisema radio yapaswa kuwapa watu vitu vitatu: habari, elimu na furaha. Alikuwa mtu mkali. Dominika asubuhi, saa za ibada, radio yake ilikaa kimya kusudi mtu asipate udhuru wa kubaki nyumbani. Na nyuma ya hapo hakukuwa na muziki wa kucheza wala maneno ya kuchekesha, ila ibada, mahubiri na muziki wa heshima. Na watu walifanya nini? Toka mwaka 1933 wengi waligeuza kifungo cha mashini, wakasikiliza Radio Luxembourg, iliyopiga nyimbo nyepesi siku nzima pamoja na sifa za dawa na za sigara. Tunalitaja jambo hilo mapema, kwani mapadri tunalijua jaribu hili: kufikiri kwamba mtu aliyefungiwa mlango mmoja ataingia mlango tunaoutaka sisi. Kumbe nyumba ina madirisha.

Nyuma ya vita vya 1939-1945, mkubwa mwingine, William Haley, alishika njia nyingine. Aligawa radio sehemu tatu. Ya kwanza iliitwa Home Service, ndiyo ya habari, ya masomo na ya ibada. Ya pili, Light Programme, iliyofunguliwa mwaka 1945, ilikuwa ya kupumzisha. Ya tatu, Third Programme, iliyoanza tarehe 29 Septemba 1946, ilikuwa ya elimu ya juu na muziki mgumu. Haley alifananisha mambo haya na piramidi: watu wengi wanasimama chini, na polepole kila mmoja anavutwa apande kidogo. Hakufunga dirisha, alijaribu kutengeneza ngazi.

Sasa kumekucha. Saa moja ya asubuhi vinasikika vilio sita vifupi kutoka nyumba ya kupimia nyota ya Greenwich, desturi iliyoanza mwaka 1924, na watu wanasawazisha saa zao. Kisha habari na hali ya hewa. Saa moja na dakika 50 kinakuja kipindi cha dakika tano tu, na jina lake, likirudishwa katika Kilatini, ni neno tunaloimba kila siku mbele ya Prefasio: Sursum corda. Kilianza mwaka 1939, na vita. Mtu mmoja anasema neno la Mungu na watu ambao wakati huo wananyoa ndevu, wanapika chai, wanatafuta kiatu cha mtoto.

Dakika tano! Tunawaomba wasomaji wetu walio mapadri wajipime. Katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya mikro akitegemea Roho Mtakatifu na ulimi wake peke yake. Aliandika maneno yake yote, yakasomwa mbele na mwenye kusimamia kipindi, yakapimwa kwa saa, yakakatwa. Tena alifundishwa jambo ambalo wahubiri wengi walishindwa kulikubali: radio haina mkutano. Hilda Matheson, mwanamke aliyesimamia maongezi ya radio toka 1927 hata 1932, aliwaonya watu wakubwa, maprofesa na mawaziri, wasipaze sauti kana kwamba wako jukwaani, kwani anayesikiliza ni mtu mmoja aliyeketi nyumbani mwake, na mtu hapigiwi kelele nyumbani mwake. Sisi tuliofunzwa kuhubiri katika kanisa refu lisilo na mashini ya kupaza sauti, tulizoea kinyume chake. Katekista anayezunguka katika vijiji vidogo na kukaa juu ya kigoda kati ya watu watano ana shule nzuri kutupita.

Saa nne na robo ni ibada ya kila siku. Habari ya mwanzo wake yafaa kujulikana. Mwanamke mmoja, Kathleen Cordeux, aliiandikia radio akiomba ibada fupi kila siku kwa ajili ya wagonjwa na watu walio peke yao. Alijibiwa kwamba haifai. Akaandika tena, akakusanya sahihi za watu wengi, mpaka mwaka 1928, tarehe 2 Januari, ibada ikaanza kwa kujaribu. Zaburi, somo, sala, wimbo, dakika kumi na tano. Jaribu lile halikukoma. Nani asiyemkumbuka yule mjane wa Evanjeli aliyemchosha mwamuzi?

Bila shaka ibada ile ilikuwa ya Kiprotestanti kwa namna yake, hata kama Wakatoliki nao walipata nafasi zao katika radio. Na kwetu sisi shauri la sakramenti linabaki. Papa Pius XII, katika barua yake Miranda prorsus ya tarehe 8 Septemba 1957 juu ya sinema, radio na televizioni, alieleza kwamba kuitazama Misa katika televizioni si sawa na kuwapo penye Sadaka, jinsi inavyoamriwa siku za sikukuu, lakini kuna matunda ya kweli, hasa kwa wagonjwa. Waumini wetu leo wanaouliza juu ya Misa katika telefoni wanauliza swali lilelile.

Saa nne na nusu, katika sehemu ya pili, muziki kwa wafanyakazi. Ulianza mwezi wa Juni 1940, wakati viwanda vilipotengeneza silaha mchana na usiku. Nusu saa asubuhi na nusu saa mchana, pasipo maneno mengi, muziki wa mwendo mmoja usiochelewesha mkono wala kuukimbiza. Kulikuwa na sheria. Wimbo mmoja wa Marekani ulikatazwa kwa sababu una mahali pa kupiga makofi, na wafanyakazi, mikono yao ikiwa na nyundo na funguo za mashini, walipiga vyuma na meza badala ya makofi. Waliowahi kusikia wanawake wetu wakitwanga pamoja kwa wimbo hawatahitaji kuelezwa nguvu ya jambo hili. Saa sita na nusu hivi, siku tatu katika juma, waimbaji na wachekeshaji walikwenda wenyewe katika chumba cha kulia cha kiwanda fulani, na taifa likasikia vicheko vya wafanyakazi na mlio wa sahani.

Asubuhi hiyohiyo walimu wa shule wanawasha radio darasani. Masomo ya radio yalianza mwaka 1924. Toka mwaka 1939 kulikuwa na somo la kuimba, na watoto wa shule za mji na za mashamba waliimba wimbo mmoja kwa saa moja, kila kundi katika darasa lake, pasipo kuonana.

Saa saba na dakika 45 ni zamu ya watoto wadogo pamoja na mama zao. Kipindi hicho kilianza tarehe 16 Januari 1950. Muziki laini wa piano, kisha sauti ya mwanamke inawauliza watoto kama wamekaa vizuri. Wakikaa vizuri, ndipo hadithi inaanza. Robo saa, basi. Saa nane ni saa ya wanawake, iliyoanza mwaka 1946, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa mwanamume! Twaweza kutabasamu, lakini tufikiri pia juu ya mikutano yetu ya akina mama ambayo padri ndiye anayesema toka mwanzo hata mwisho. Radio ile ilijirudi upesi, ikawaachia wanawake kiti chao. Saa kumi hivi inakuja hadithi ya kila siku ya mke wa mganga wa viungani mwa London, jinsi anavyohangaika juu ya mume wake na watoto wake. Wasomi waliicheka, wanawake wengi hawakukosa hata siku moja.

Saa kumi na moja, saa ya watoto. Hiyo ni ya zamani sana, toka Desemba 1922. Wasemaji wake wa kwanza walijiita wajomba na mashangazi, na watoto wa nchi nzima walipata hivyo ukoo ambao hawajapata kuuona kwa macho. Hapa tunataka kusimama kidogo, kwani katika kazi hii ya watoto lilizaliwa jambo lililogusa Evanjeli yenyewe.

Mwaka 1940 mkubwa wa vipindi vya dini, mchungaji James Welch, alimwomba Dorothy Sayers, mwanamke Mwanglikani aliyejulikana kwa vitabu vya kutafuta wauaji, aandike maisha ya Bwana wetu kuwa mchezo wa radio. Alikubali kwa masharti: Kristo awe na sauti yake kama watu wengine, na watu waseme lugha ya kila siku. Aliandika michezo kumi na miwili, ikasikika toka tarehe 21 Desemba 1941 hata Oktoba 1942. Siku hizo sheria ya nchi haikuruhusu mtu kuiga Kristo katika nyumba ya michezo. Lakini radio haikuwa chini ya sheria ile, kwani hakuna anayeonekana.

Mbele ya mchezo wa kwanza kusikika, kelele zilijaa katika magazeti. Mathayo mtoza ushuru alisema Kiingereza cha mitaa ya London! Mitume walisema kama wavuvi! Makundi ya Waprotestanti wakali walimwandikia Churchill na Askofu mkubwa wa Canterbury wazuie jambo hili. Swali likaulizwa hata katika bunge. Singapore ilipoanguka mwezi wa Februari 1942, wengine walisema ni adhabu ya Mungu. Radio haikuzuia. Na barua zikaanza kuja, za watu waliosema kwamba walijua tangu utoto kuwa Kristo ni Mungu, lakini sasa tu walitambua kwamba alikuwa mtu kweli, aliyechoka, aliyekula na rafiki zake, na kwamba waliomwua hawakuwa wabaya wa hadithi, ila watu kama jirani zao. Aliyetoa sauti ya Kristo ni Robert Speaight, Mkatoliki.

Tumelifikiri sana jambo la lugha. Kelele zilitoka kwa watu waliopenda Maandiko, hatuwadharau. Waliogopa kwamba neno takatifu likivaa nguo ya sokoni litapoteza heshima. Kwetu pia, kila mara Evanjeli ikifasiriwa au mchezo wa Mateso ukitengenezwa, kuna wanaotaka Kiswahili safi cha vitabu, hata kama mama aliye nyuma kanisani anashika nusu tu, na kuna wanaotaka maneno ya mtaani hata yanapomfanya Petro kuwa mchekeshaji. Sayers hakufuata hawa wala wale. Kristo wake alisema kwa unyofu, pasipo maneno ya kizee na pasipo maneno ya ulevini. Mathayo alisema Kilondoni kwa sababu mtoza ushuru angesema hivyo. Kila mtu alipewa kinywa chake. Ni kazi ngumu kuliko kuchagua upande. Na tukumbuke kwamba shauri hili halikuwa la dini peke yake: mwaka uleule 1941, Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, alipowekwa kusoma habari kwa matamko ya kwao, wengi walinung'unika, hata watu wa kaskazini wenyewe! Sauti ya mamlaka, walifikiri, ni ya kusini.

Saa kumi na mbili ni habari. Kisha, saa kumi na mbili na dakika 45, watu wa kila namna wanakimbilia radio. Mpaka Machi 1951 saa hiyo ilikuwa ya mpelelezi Dick Barton, aliyekuwa na wasikilizaji milioni 15 siku zake bora. Baada yake saa ikapewa wakulima. Ndiyo The Archers, habari ya jamaa moja ya wakulima katika kijiji kisichokuwapo, Ambridge. Asili yake ni mkutano wa mwaka 1948 mjini Birmingham. Chakula kilikuwa kingali kwa kipimo, na kipimo hicho kilikoma mwaka 1954 tu. Mtu wa radio, Godfrey Baseley, aliwauliza wakulima namna gani radio ingewasaidia kulima vizuri zaidi, na mkulima mmoja akasema wanahitaji Dick Barton wa mashambani. Watu wakacheka. Baseley alirudi nyumbani na neno lile kichwani. Akajaribu mwaka 1950 katika sehemu ya kati ya nchi, na tarehe 1 Januari 1951 kikaanza kwa taifa zima. Mashauri ya wizara ya kilimo yaliingia pamoja na ugomvi wa jirani na mapenzi ya vijana, na mkulima alisikia habari ya ugonjwa wa ng'ombe pasipo kujua kwamba yuko darasani.

Mwaka 1955, tarehe 22 Septemba, Grace Archer, bibi arusi wa hadithi ile, alikufa motoni akitaka kuokoa farasi. Usiku uleule televizioni ya kwanza ya biashara ilifunguliwa London. Watu wengi walilia, wengine walituma maua kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Sisi hatucheki. Yesu alipotaka kufundisha juu ya jirani, hakusema: jirani ni huyu na huyu. Alisema mtu mmoja alitelemka toka Yerusalemu.

Jioni pia ni wakati wa kucheka. Tommy Handley alikuwa amechekesha taifa toka 1939, miaka yote ya mabomu, na alipokufa Januari 1949 walimwombea katika kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo. Wachekeshaji walikuwa na sheria zao za mwaka 1948, zilizokataza kabisa maneno ya choo, ya maarusi, hata ya majani ya mtini ya Adamu na Eva. Wachekeshaji wenyewe, tunadhani, ndio waliozicheka kuliko wote.

Sasa tupande ngazi mpaka sehemu ya tatu. Tarehe 28 Januari 1948 Padri Frederick Copleston, Myezuiti, mwandishi wa historia ya filosofia inayojulikana katika seminari nyingi, aliketi mbele ya mikro pamoja na Bertrand Russell, mwana filosofia asiyeamini, wakabishana kama Mungu yuko. Copleston alishika njia ambayo kila mwanafunzi wetu wa filosofia ataitambua kuwa jirani ya njia ya tatu ya Mtakatifu Tomasi: vitu tunavyoviona vyaweza kuwa na vyaweza kutokuwa, havina sababu ya kuwa ndani yao, hata ukivijumlisha vyote, jumla yao haijajieleza. Russell alijibu kwamba neno "lazima" lahusu maneno tunayoyatamka, si vitu. Na kwamba kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba ukoo mzima wa watu una mama. Kwake ulimwengu upo tu, basi. Copleston akasema kwamba mtu akikataa kuketi mbele ya ubao wa mchezo, hakika hawezi kushindwa.

Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Lakini tazameni: padri hakuanza kwa kumhukumu mpinzani wake, wala Russell hakumdhihaki padri. Kila mmoja alirudia kwanza maneno ya mwenzake ili ahakikishe ameyafahamu. Katika mabishano ya filosofia ya mafrateri, nani anafanya hivyo? Tunaona pia kwamba Copleston alishuka kidogo upesi kutoka swali la kuwako mpaka mambo ya dhamiri na ya watakatifu, na pale Russell alipata nafasi ya kuteleza. Waliosikiliza sehemu ile ya radio walikuwa wachache sana kila usiku, na wengi wa Waingereza hawakupata kupanda ngazi ya Haley mpaka juu. Mwaka 1967 sehemu tatu zile zilibadilishwa zote.

Saa tatu usiku. Kengele kubwa ya London, Big Ben, inapiga katika radio mbele ya habari. Toka tarehe 10 Novemba 1940 mlio huo ulikuwa alama: muda wa dakika moja, wakati kengele inapiga, kila mtu akae kimya amwombee nchi yake na walio vitani. Askari jangwani, mama jikoni, wote dakika moja. Sisi wenye kengele ya Malaika wa Bwana mara tatu kwa siku tunajua asili ya jambo hili kuliko wao. Kwa radio ileile, siku zile, Wabelgiji waliokimbia walisema na nchi yao iliyoshikwa. Victor de Laveleye aliwaambia tarehe 14 Januari 1941 waandike herufi V juu ya kuta. Na toka nyumba za radio hiyo kilitoka Kiswahili chetu nacho, tarehe 27 Juni 1957.

Kwa wavuvi na mabaharia kuna habari za bahari, zinazosomwa polepole na pasipo kupamba: Dogger, Humber, Thames, Wight, Portland, Plymouth, na kuendelea, kila jina na upepo wake. Wasio na chombo majini walizisikiliza vilevile, sawa na watu wanaofuata litania ya watakatifu wasiowajua wote. Kisha wimbo wa mfalme, na mashini zikazimwa. Mashambani, ambako umeme ulikuwa haujafika, wengi walikuwa wamekwisha kuzima zao mapema: betri yao ya asidi ilipaswa kudumu mpaka siku ya kupelekwa dukani kujazwa tena.